Mfupa wa Mjakazi

Naryn, 3 Machi 2004

Mzee Dooron Chekirov,

Asalaam aleikum. Mimi ni Ermek Asanaliev, karani wa Klabu ya Wanyanyua Uzani Wakongwe hapa Naryn. Mwenyekiti ameniagiza nimjibu kila mzee aliyeomba kushiriki mashindano ya Mei. Barua yako imefika salama. Nimekuandika katika kundi la umri wa miaka sitini hadi sitini na nne, uzito wa mwili usiozidi kilo sabini na saba. Mko watatu tu katika kundi hilo: wewe, Mwalimu Sagynbek Orozov, na Bwana Jolchu, mfugaji nyuki wa At-Bashy.

Sasa nije kwenye ombi ulilolitia mwishoni mwa barua, chini ya sahihi yako.

Ni kweli kwamba karamu ya baada ya mashindano iko mikononi mwangu, na ni mimi nitakayempangia kila mgeni kipande chake cha kondoo. Nilipopewa kazi hiyo nilidhani ni ndogo. Wewe umeniomba kwamba Mwalimu Sagynbek, mbele ya watu wote, awekewe mfupa wa mguu wa mbele, ule tunaouita mfupa wa mjakazi. Mzee wangu, mfupa huo hapewi mgeni. Kwetu mama huutoa chunguni kabla sahani haijatoka jikoni, asije mtu akauona akadhani amekusudiwa yeye.

Nimeisoma sentensi yako mara kadhaa nikitumaini kalamu iliteleza. Mwalimu Sagynbek alinifundisha hesabu. Kama kalamu iliteleza, nijulishe, nami nitaichana karatasi hiyo na hakuna atakayejua.

Wako mtiifu,
Ermek Asanaliev, karani


Eki-Naryn, 9 Machi 2004

Kijana Ermek,

Waaleikum salaam. Kalamu haikuteleza. Mkono unaoshika chuma hauteleziwi na kalamu.

Wewe ni mtoto wa juzi, hujui, basi nikueleze. Mwaka wa sabini tulitoka Naryn vijana sita tukaenda Frunze, kama mji mkuu ulivyoitwa wakati ule, kwenye mashindano ya jamhuri. Nilishinda mimi. Naandika tena usije ukasahau: nilishinda mimi. Tuliporudi, mkoa ukatuchinjia kondoo. Baba yake Zuura, msichana niliyetaka kumwoa, alikuwepo, amevaa joho lake jipya, maana kesho yake tulikuwa tufunge maneno ya posa. Aliyepewa heshima ya kugawa nyama ni Sagynbek, kwa sababu tayari alikuwa msomi na ulimi wake laini. Kichwa akampa mkuu wa mkoa. Nyonga akawapa wazee. Kisha akanijia mimi, bingwa, akaniwekea mfupa wa mjakazi. Na alinipa kwa mkono wa kushoto! Umesikia? Wa kushoto, kama mtu anayemtupia mbwa.

Baba yake Zuura alikunja joho lake akatoka. Posa ikafa palepale. Nilioa nina miaka arobaini, na mwanamke mwema, Mungu amrehemu, lakini hata yeye siku tukigombana alikuwa akiniita kwa jina la mfupa ule. Kijiji kizima kinaniita hivyo. Vitoto visivyojua hata kujifuta makamasi vinaniita hivyo. Nikifa wataniandikia hilo kaburini.

Kwa hiyo nimechomoa mhimili wa trekta bovu, nimeufunga magurudumu, na kila asubuhi naunyanyua mbele ya zizi. Kondoo wananitazama kama wazimu. Waache. Mei nitamshinda, halafu ataletewa mfupa wake, na wewe ndiye utakayeuleta. Babu yako Asanaly nilimjua vizuri. Alikuwa mwoga lakini ahadi alitimiza. Nijibu upesi.

Dooron


Naryn, 15 Machi 2004

Mzee Dooron,

Asalaam aleikum. Nimekuelewa, na nitalizingatia.

Nimesikitika sana kwa yaliyokupata. Nakuomba tu ukumbuke kwamba mimi ni karani wa mwaka wa kwanza, na mwenyekiti amemwoa binti wa Mwalimu Sagynbek. Kama kuna njia nyingine ya kulimaliza jambo hili, mathalani maneno makali nje ya ukumbi, nitafurahi kukutengea chumba.

Tafadhali usinyanyue mhimili wa trekta peke yako. Hauna vishikio vya kuzuia magurudumu yasichomoke.

Wako mtiifu,
Ermek


Naryn, Mtaa wa Juu, 20 Machi 2004

Mpendwa Ermek,

Natumaini u mzima na mwandiko wako umeimarika. Nimesikia kutoka kwa mkwe wangu kwamba wewe ndiye unayeratibu karamu ya Mei. Nimefurahi. Ulikuwa mwanafunzi mwangalifu. Nakumbuka ulivyokuwa ukitetemeka mbele ya ubao hata pale jibu lako lilipokuwa sahihi.

Nina ombi dogo. Katika kundi langu yumo mtu aitwaye Dooron Chekirov. Naomba yeye apewe mfupa wa mjakazi. Najua umeshtuka. Kaa, vuta pumzi, usome.

Mwaka 1970, Frunze. Dooron na mimi tulikuwa timu moja, tunalala chumba kimoja, tunakula mkate mmoja. Tulifika jaribio la mwisho la kusukuma uzani juu ya kichwa. Unajua kanuni: mwenye uzani mdogo hutangulia, na chuma hakishuki kamwe, hupanda tu. Kadi ya Dooron, ile ambayo kila mnyanyuaji huandikia uzani anaouomba, ilikuwa na uzani mdogo kuliko wangu, kwa hiyo zamu yake ilikuwa kabla ya yangu. Nilikaa kwenye benchi nimejitupia koti mabegani, nikimsubiri amalize. Sekunde za mwisho akapeleka kadi mpya, akapandisha uzani wake kupita wangu. Nikaitwa mimi papo hapo. Nilipanda jukwaani mwili umepoa kama maiti. Chuma kilipofika juu, kiwiko changu cha kulia kikapinda upande ambao Mungu hakuuweka. Ukumbi mzima ulisikia. Yeye akashinda. Mimi nilikuwa nimeahidiwa nafasi ya Moscow. Badala yake nimefundisha kugawanya kwa mafungu miaka thelathini na miwili, nikiandika ubaoni kwa mkono usionyooka.

Aliua mkono wangu. Nami nikampa mkono wa kondoo, ulio duni kuliko mifupa yote. Nilimpa kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa kwenye plasta. Nilidhani tumelipana. Lakini nimezeeka, Ermek, na kiwiko huniamsha kila mvua inapokaribia, nami naona kwamba deni halikulipwa hata robo.

Mke wangu Zuura anakusalimu. Anasema akina Asanaliev ni watu wa kuaminika.

Mwalimu wako,
Sagynbek Orozov


Naryn, 29 Machi 2004

Mwalimu wangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Nimekuelewa, na nitalizingatia.

Nimefikiri usiku na mchana na nina pendekezo. Naliandika kwa hofu. Je, haingekuwa haki zaidi kama jukwaa lingeamua? Yaani mfupa apewe yule kati yenu atakayeshindwa. Hapo hakuna atakayesema karani alipendelea. Mtu atakuwa ameletewa mfupa na mikono yake mwenyewe. Ukikubali, nitaliandika kama ahadi na nitaitimiza kwa herufi zake.

Tafadhali mpelekee Bibi Zuura salamu zangu.

Mwanafunzi wako,
Ermek


Eki-Naryn, 6 Aprili 2004

Kijana Ermek,

Barua yako ya mwisho wa Machi imefika, na hilo pendekezo lako nimelipenda mpaka nikamsomea punda. Atakayeshindwa ale mfupa! Maneno ya mwanamume. Nimekubali, kwa herufi zote, na nataka utimize.

Lakini chini umeniuliza swali, eti “je, ni kweli kwamba mwaka ule ulibadilisha uzani sekunde za mwisho?” Hilo swali halikuzaliwa kichwani mwako. Mwaka wa sabini hata baba yako alikuwa bado anakojoa kitandani. Kwa hiyo Sagynbek anakuandikia. Kumbe mnaandikiana! Unatetemeka? Usitetemeke, shika karatasi vizuri.

Ndiyo, nilibadilisha. Kila mtu hubadilisha. Ule ni mchezo wa kadi kama ulivyo mchezo wa chuma, na asiyetaka kupoa benchini asijifunike koti kama bibi harusi. Simwombi msamaha leo wala kesho kwa Mungu.

Na kwa kuwa mnaandikiana, sasa utanifaa. Niambie amejiandikisha kuanza na kilo ngapi kwenye kunyakua, pale chuma kinapotoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mpigo mmoja. Usiponiambia, nitateremka Naryn nikuulize mbele ya mwenyekiti wako umeahidi nini kwa nani.

Dooron


Naryn, 10 Aprili 2004

Mzee Dooron,

Sabini. Nakuomba uichome barua hii.

E.


Eki-Naryn, 14 Aprili 2004

Ermek,

Nilikuwa nimeandika sitini na saba na nusu. Futa. Andika sabini na mbili na nusu, maana kwenye mhimili nimefika sabini na nne, ingawa sijazivuka. Mimi sitangulii kupanda jukwaani kabla ya mtu yule, nimfagilie vumbi! Atangulie yeye, mimi nije baadaye watu wakiwa wamekwisha mchoka.

Barua nimeichoma. Imewaka vizuri, ilikuwa na woga mwingi.

Dooron


Naryn, Mtaa wa Juu, 19 Aprili 2004

Mpendwa Ermek,

Pendekezo lako ni la haki, na nimelikubali kwa maandishi haya.

Mkwe wangu aliacha orodha mezani wakati wa chai, nami bila kukusudia nikaona kwamba Dooron amepandisha uzani wake wa kuanzia hadi sabini na mbili na nusu. Alijuaje wangu? Sikulaumu. Nakuomba tu uandike sabini na tano mahali pa jina langu, na kila atakapobadilisha, uniarifu siku hiyohiyo. Naamini hutanilazimisha kulizungumza jambo hili na mkwe wangu.

Sagynbek


Naryn, 23 Aprili 2004

Mzee Dooron,

Amepandisha hadi sabini na tano. Ameniuliza ulijuaje uzani wake.

Naomba nikukumbushe, kwa heshima, kwamba wewe mwenyewe uliniandikia kuwa hujawahi kuvuka sabini na nne kwenye mhimili wa trekta. Kila mtu ana majaribio matatu tu. Akikosa yote matatu kwenye kunyakua, ametoka mashindanoni, hata kama angeweza kusukuma mlima. Na chuma hakishuki. Ukianza juu sana, hakuna pa kurudi.

Wako mtiifu,
Ermek


Eki-Naryn, 27 Aprili 2004

Sabini na saba na nusu.

Na unikome. Nilijua kanuni hizo kabla mama yako hajajua jina la baba yako.

Dooron


Naryn, 2 Mei 2004

Mwalimu wangu,

Mzee Dooron sasa ni sabini na saba na nusu. Nakuarifu kama ulivyoniagiza. Lakini, Mwalimu, mimi ni mtoto wako darasani. Daktari wa klabu ameandika kwamba kiwiko chako kisibebe zaidi ya sabini na tano juu ya kichwa. Karatasi yake ninayo. Nikuombe: baki ulipo. Ukianza na sabini na tano ukafaulu na yeye akakosa, umeshinda. Hesabu hii ni nyepesi kuliko zote ulizotufundisha.

Mwanafunzi wako,
Ermek


Naryn, Mtaa wa Juu, 5 Mei 2004

Mpendwa Ermek,

Hesabu yako ni sahihi na haina maana. Sitanyanyua uzani mdogo kuliko wa mtu yule, hata kwa nusu kilo, hata kwa medali. Andika themanini. Karatasi ya daktari iweke chini ya zingine.

Zuura hajui habari ya kiwiko. Akikuuliza sokoni, mwambie nafanya mazoezi ya mgongo.

Sagynbek


Naryn, 15 Mei 2004, jikoni

Kwa Mzee Dooron Chekirov na Mwalimu Sagynbek Orozov, kwa pamoja,

Naandika haya juu ya mfuko wa unga, na nawapelekea kwa mkono wa mpishi, kwa sababu siwezi kuja kusema mdomoni. Mmekaa huko ukumbini pande mbili za mkeka, hamtazamani. Wageni wanakunywa maziwa ya farasi na kunong'ona. Nyama itakuwa tayari muda si mrefu.

Ndiyo, nimewaandikia nyote wawili tangu Machi. Kila mmoja nilimpa uzani wa mwenzake. Niliogopa.

Leo asubuhi Mwalimu alikuwa themanini na Mzee Dooron sabini na saba na nusu. Mlipofika mezani kwangu, Mzee Dooron alipeleka kadi ya themanini na mbili na nusu. Mwalimu akapeleka themanini na tano. Mzee Dooron akaandika themanini na tano pia, akasema kwa sauti ukumbi usikie, “Mwandikie sawa, tuone nani ana kiuno na nani ana kitambi!” Nawe Mwalimu ukajibu, “Angalia usiache meno jukwaani, huna mengi ya kugawa.” Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kadi zilikuwa mkononi mwangu na nilijua hakuna kati yenu aliyewahi kukifikisha chuma hicho juu tangu Urusi itoke hapa.

Bwana Jolchu mfugaji nyuki alianza na arobaini, akafaulu. Arobaini na mbili na nusu, akafaulu. Arobaini na tano, akafaulu, akabusu chuma. Kisha mkaja ninyi. Mzee Dooron, mara ya kwanza chuma kilikupita nyuma ya kichwa. Mara ya pili ulikaa kitako. Mara ya tatu ulikishikilia juu, wallahi ulikishikilia, lakini goti likagusa mbao na taa tatu za waamuzi zikawaka nyekundu. Mwalimu, mara ya kwanza na ya pili hakikuvuka kifua. Ya tatu kilifika juu, na niliona kiwiko chako kikianza safari yake ya zamani, nikafumba macho. Nilipofumbua ulikuwa umeshakitupa. Nyekundu tatu. Hakuna aliyepiga makofi ila mke wa Jolchu, kwa mumewe.

Sasa mwenyekiti ameniambia: kichwa cha kondoo apewe Jolchu. Hayo yameisha. Yamebaki yetu.

Nimeahidi kwa maandishi kwamba mfupa apewe atakayeshindwa kati yenu, nanyi mmekubali kwa maandishi, kwa herufi zote. Mmeshindwa nyote wawili. Nimetafuta njia ya kulikwepa na sikuiona. Nikimpa mmoja, nimempendelea mwingine. Nisipompa yeyote, mmoja wenu atasimama aniulize ahadi yangu mbele ya mwenyekiti. Kondoo ana miguu miwili ya mbele. Nitaleta sahani mbili, na nitaziweka kwa wakati mmoja, kwa mikono yote miwili, asiseme mtu kwamba alitangulizwa.

Nisameheni.

Ermek


Naryn, Mtaa wa Juu, 18 Mei 2004

Mpendwa Ermek,

Umekuwa mgonjwa siku tatu, mkwe wangu amenieleza. Nakutakia nafuu. Mifupa miwili ni mingi kwa tumbo lisilozoea.

Nataka ujue hatukupanga. Ulipoziweka zile sahani, nilimtazama Dooron machoni kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1970. Naye akanitazama. Niliinua mfupa wangu, naye akainua wake, na wote wawili tukakunyooshea wewe. Mkubwa akikunyooshea nyama kwa mkono wake, huwezi kukataa. Hilo nilikufundisha hata kabla ya jedwali la kuzidisha. Ulipiga magoti ukala wa kwanza kutoka mkononi mwangu, ukageuka ukala wa pili kutoka mkononi mwake, na watu wote walikuwa wakikuangalia. Ulikula vizuri. Hukuacha hata nyuzi. Dooron alisema, “Mtoto ana meno huyu,” na lazima nikiri kwamba nilicheka.

Ndiyo mara ya kwanza katika miaka hii yote ambapo yeye na mimi tulikubaliana jambo. Usidhani tumepatana. Tulitoka kwa milango tofauti.

Sasa, Oktoba kuna mashindano mengine. Uzani wangu wa kuanzia sitauandika popote hadi asubuhi ile ile. Wa Dooron nautaka mapema. Najua ulimpa kila mmoja wetu siri za mwenzake, lakini siri ulizotupa zilikuwa za kweli, na hilo ndilo ninalolithamini kwako. Mwoga hana nguvu za kudanganya. Husema ukweli kwa kila anayemtisha. Endelea hivyo.

Sagynbek


Eki-Naryn, 21 Mei 2004

Mifupa Miwili!

Jina lako limefika huku kabla ya barua yangu kutoka. Dereva wa basi ndiye aliyelileta. Jana vitoto vya hapa vilikuwa vinacheza karamu, kimoja kimepiga magoti, viwili vinakilisha vijiti. Na unajua nini? Tangu siku ile hakuna aliyeniita mimi kwa jina lile la zamani. Miaka thelathini na minne nimebeba mfupa ule, na wewe umenitua mzigo kwa mlo mmoja. Nikushukuru au nikucheke? Nimeamua nikucheke, kwa kuwa shukrani zinavimbisha kichwa.

Usinune. Utazoea. Mwaka wa kwanza unauma, mwaka wa pili unapigana, mwaka wa tatu unaitika. Nasikia binti wa posta uliyekuwa unampelekea asali sasa hupokea barua zako dirishani bila kuinua macho. Hayo nayo huja. Mimi ilikuwa Zuura.

Lakini kiwiko chake umekiona? Kilitetemeka! Bado kidogo tu. Oktoba nitammaliza. Wangu wa kuanzia nitaubana kwapani mpaka asubuhi ya siku yenyewe, hata wewe hutauona. Wake nipatie. Najua utanipatia, wewe hukatai mtu.

Goti langu limevimba kama boga, lakini litapoa.

Dooron


Naryn, 13 Septemba 2004

Mwalimu Sagynbek,

Mzee Dooron ataanza na kilo tisini na tano. Kadi yake nimeiona kwa macho yangu, nayo imekwisha sainiwa, haitabadilika. Aliponipa alisema mtu mwenye kiwiko cha plasta na aanze na fagio.

Mashindano ni tarehe tisa Oktoba. Daktari aliomba tena karatasi yako. Nilimwambia kwamba imepotea, na kwamba wewe huna tatizo lolote.

Ermek Asanaliev


Naryn, 13 Septemba 2004

Mzee Dooron,

Mwalimu Sagynbek ataanza na kilo tisini na tano. Kadi yake nimeiona kwa macho yangu, nayo imekwisha sainiwa, haitabadilika. Aliponipa alisema Dooron akifika hapo, goti halitafika naye.

Mashindano ni tarehe tisa Oktoba. Usihangaike kuniandikia tena kabla ya siku hiyo, kwani hapatakuwa na jipya la kukuambia. Mezani nitakuwepo mimi, kadi zote zitapita mkononi mwangu, na jikoni mwenyekiti amekubali kwamba kisu cha nyama nikishike mwenyewe.

Ermek Asanaliev